Katibu Amegoma Kula

Kibamba,
8 Julai 2024

Mdogo wangu Adelard,

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu umenifungia. Kwenye grupu la ukoo ulijitoa mwenyewe mara tu baada ya arobaini ya baba, ujumbe wangu unabaki na tiki moja, na nikipiga naambiwa mteja hapatikani, wakati mteja najua amekaa sebuleni kwake Kinyerezi anaangalia mpira. Haya. Mimi ni mwalimu, karatasi hazijaniishia. Barua hii nampa wifi yangu Eliaichi dukani kwake Mbezi akuletee mkononi, usije ukasema hukuipata.

Sina ugomvi kuhusu nyumba ya Tabata. Ukoo umekaa, umeona wewe ndiye mtoto wa kiume, umekufanya mrithi, Shangazi Margareta kakuvisha koti la baba na kukukalisha kwenye kiti chake mbele ya watu wote. Mimi niliyemwogesha mzee mwaka mzima nilikuwa jikoni nasimamia ndizi. Nimenyamaza. La mbwa sinyamazi.

Ulimwambia dalali nyumba ipakwe rangi, wapangaji waingie mwezi wa nane, na mbwa aondolewe. Aondolewe aende wapi, Adelard? Katibu ni mbwa mtu mzima, ana miaka saba, Tabata yote ya kule kwetu inamjua. Baba alipokuwa mjumbe wa nyumba kumi hakuna kesi iliyosikilizwa pale kibarazani, iwe ya mpaka wa kiwanja au ya mume na mke, bila yule mbwa kulala miguuni pake mpaka hukumu itoke. Ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Nilimkuta amefungwa kamba kwenye bomba la maji, mafundi rangi wanamruka na ndoo zao. Nikakodi kirikuu nikamleta kwangu.

Na nimemwandalia, usifikiri nimemtupa uani. Fundi Nikodemu amemjengea banda la mbao, sakafu imeinuliwa maji ya mvua yasiingie, mlango unaangalia kivulini. Tundu la uzio upande wa jirani yangu Mzee Khalfani nimeliziba kwa tofali, maana wao ni watu wa swala, hawataki mbwa aguse nguo wala vyombo vyao, na wana haki. Kuku nimewafungia. Chanjo amepata. Watoto nimewakataza kelele, redio haifunguliwi, mimi mwenyewe naongea naye kwa sauti ya chini, pole baba, pole, ili azoee kwa amani.

Hali. Banda hajaingia hata kwa bahati mbaya. Amelala kwenye mchanga anaangalia geti. Ugali na vichwa vya samaki vinachacha mbele yake, usiku analamba uji kidogo, basi. Daktari wa mifugo amempima, hana ugonjwa. Amesema nimtafutie nguo ya mzee, yenye harufu ya mzee, niitandike bandani ailalie.

Nguo zote tuliwagawia wajomba, zimeshafika Bukoba. Limebaki koti. Naliomba, wiki mbili tu.

Dada yako,
Kokuberwa


Kinyerezi,
11 Julai 2024

Dada Kokuberwa,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KOTI LA MAREHEMU

Rejea barua yako ya tarehe 8, ambayo nimeipokea kupitia kwa mke wangu ikiwa na alama ya mafuta ya vitumbua.

Nimeisoma mara ya kwanza nikadhani sijaelewa. Nikaisoma tena. Umeomba, kwa mwandiko wako mzuri wa ubaoni, koti alilovishwa mrithi mbele ya ukoo mzima, ili mbwa alilalie. Wewe ni mkubwa wangu na nimelelewa kukuheshimu, kwa hiyo nitasema kwa upole: dada, una akili timamu?

Koti lile mimi mwenyewe silivai. Limetundikwa kabatini peke yake, nguo zangu nimezihamishia kwenye sanduku. Mwanangu Blessing aliligusa wiki iliyopita na mikono yenye mafuta ya nywele, nikamkemea mpaka akalia. Shangazi alipokuwa ananifunga vifungo alisema nguo hii haitoki nje ya nyumba ya mrithi mpaka siku atakapovishwa mrithi mwingine. Wewe ulikuwa jikoni, labda hukusikia. Sasa niseme nini kwa ukoo, kwamba imetoka, imekwenda Kibamba, ipo kwenye banda?

Umeandika kuhusu kumwogesha mzee. Hilo unalijua kulirusha. Mimi sikuwa nacheza, nilikuwa nalipa madawa.

Kuhusu mbwa: akiona njaa atakula. Mbwa wa Dar es Salaam wanakula mifuko ya plastiki, huyo wenu anataka nguo za urithi.

Kuhusu simu: sijakufungia. Nimepumzika.

Mdogo wako,
Adelard S. Rweyongeza

Nakala: Shangazi Margareta, Kamachumu.


Kibamba,
14 Julai 2024

Adelard,

Nakala kwa Shangazi. Yaani umekaa, ukaandika barua ya ugomvi wa ndugu wawili, ukaweka nakala kama mtu anayeomba likizo.

Nikueleze matokeo ya nakala yako. Miwani ya Shangazi ilivunjika msibani, wewe uliikanyaga, kwa hiyo barua amesomewa kwa sauti na jirani yake, nje, watu wakiwa wamekaa wanamenya ndizi. Sasa Kamachumu nzima inajua kwamba watoto wa marehemu Sebastian wanagombea koti kwa ajili ya mbwa. Shangazi kanipigia jana, hakuniuliza hata hali. Kaniuliza kama ni kweli nimehamishia mbwa chumbani kwangu. Nani kasema chumbani?

Umesema ulikuwa unalipa madawa. Ulilipa, na mimi nilishukuru kila mara, tena mbele ya watu. Lakini dawa haijimezeshi, Adelard. Kuna mtu alikuwa anaishika na maji na kumbembeleza mzee ambaye alikuwa anaitema makusudi halafu ananilaumu kwamba nimemnywesha chokaa. Sirushi kitu. Nasema kilichotokea.

Tuache hayo. Katibu anazidi kukonda. Mbavu naziona kutoka mlangoni. Zamani akisikia hatua alikuwa anainua kichwa, sasa anazungusha jicho tu halafu analirudisha getini. Juzi nilikaa naye mchangani na nguo zangu za shule, nikamwekea chakula kwenye kiganja, akanilamba mkono, chakula akakiacha. Alinilamba kwa adabu, kama mgeni anayekataa chai. Mzee Khalfani, ambaye kwa haki yake angeweza kufurahi, kaja mpaka kwenye uzio kaniuliza yule mnyama wako atapona kweli.

Naogopa. Mwezi wa tano nimemzika baba. Huyu ndiye kiumbe pekee aliyekuwa na sisi chumbani usiku baba anakohoa, na ndiye wa kwanza kujua kwamba kikohozi kimekatika. Sitaki kumzika na huyu. Nimeandika wazi ili usiseme hukuelewa.

Kama koti haliwezekani, basi nipe kingine. Kandambili zake, kofia, kitambaa cha kile kiti, kipande cha godoro, chochote cha Tabata. Nitakuja kukichukua mwenyewe, sitaki kukusumbua wewe uliyepumzika.

Kokuberwa


Kinyerezi,
17 Julai 2024

Dada,

Nimepita Tabata leo kabla ya kwenda kazini ili usiseme sikujaribu.

Godoro lilichomwa siku ya tatu baada ya mazishi, wewe mwenyewe ulikuwepo. Kiti nimekipiga msasa na vanishi. Kandambili hazipo, nadhani mafundi wamezivaa. Chumba cha mzee kimeshapakwa rangi mara mbili, ya krimu, kinapendeza. Sakafu imepigwa dawa. Hakuna kitu.

Na kwa kuwa umeanza kuniandikia kama vile mimi ni mtu asiyethamini cha baba yake, ngoja nikwambie jambo ambalo sikutaka kujisifia.

Lile koti lilipotoka chumbani kwa mzee lilikuwa halifai kuvaliwa na mtu. Lilikuwa na ugoro kwenye mifuko, dawa ya kuchua kwenye kola, na manyoya ya huyo huyo mbwa mgongoni. Ninyi mlikuwa tayari nilivishwe hivyo hivyo. Ni mimi niliyelichukua wiki moja kabla ya arobaini nikalipeleka kwa dobi wa mashine, nikamwambia alisafishe mara mbili, alitie na dawa ya kunukia. Lilirudi ndani ya nailoni, halina doa, linanukia maua. Nikalivaa mbele ya ukoo nikiwa najua kwamba angalau katika jambo hilo moja nimempa baba heshima yake. Hakuna aliyesema ahsante. Hakuna hata aliyeona.

Na baada ya kazi yote hiyo unataka nilirudishe kwenye manyoya.

Huyo mbwa mwenyewe hanidai, na mimi simdai. Siku ya arobaini kila mtu aliona alivyonifanyia. Naomba tuyamalize hapa.

Adelard


Kibamba,
18 Julai 2024

Adelard,

Hukuniamkia. Barua ya kwanza ulinitukana lakini uliniamkia. Hii hata hilo hakuna. Nimeliona, nimeliweka pembeni, tutalirudia.

Kwa hiyo umemfua baba.

Nimesoma mstari ule nimesimama kwenye korido ya shule, mwalimu mwenzangu Vaileth akaniuliza nani amefariki. Umemfua, mara mbili, na dawa ya maua. Miezi na miezi nililala na ile harufu, ugoro na dawa ya kuchua na jasho la mzee, nilikuwa naichukia, nilikuwa nikifika nyumbani naoga kwanza kabla sijamshika mwanangu. Baada ya mazishi niliitafuta kwenye kila shuka. Nikajisemea si mbaya, ipo kwenye koti, koti liko kwa Adelard, limehifadhiwa. Kumbe umemlipa mtu aitoe. Halafu ukaona haitoshi, ukapiga msasa kiti, ukapaka rangi chumba, ukamwaga dawa sakafuni. Mdogo wangu, hukubakiza hata kona. Mbwa atamtafuta baba wapi, na mimi nitamtafuta wapi?

Nilitaka kuishia hapo na jina langu lisilo na neno dada. Lakini nilipofika nyumbani nikamwangalia Katibu, nikakumbuka kitu, na haki ni haki hata kwa mtu aliyeniudhi.

Siku ya arobaini nilikuwa jikoni lakini mlango ulikuwa wazi. Ulipokalishwa kwenye kiti na lile koti, Katibu alitoka chini ya meza akaja mpaka kwako mkia unacheza. Akanusa pindo. Akapiga chafya, mkia ukashuka, akageuka akaenda kulala mlangoni kwa chumba cha baba. Watu wakacheka, Mjomba Gozbert akasema kwa sauti yake ile kwamba ninyi mmemkubali, mwenye nyumba amemkataa. Nilikisikia kicheko, sikuona kilichokupata. Wewe uliendelea kukaa umenyooka kama unapigwa picha ya pasipoti.

Adelard, yule mbwa hakukukataa. Alimfuata baba, akakutana na sabuni.

Sikuandikii hili kukufariji, nina hasira na wewe. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Koti kaa nalo. Hata ungelileta leo lisingemsaidia, lina maua matupu. Daktari atakuja Jumatatu amtundikie dripu, na akishindwa basi.

Kokuberwa


Mbezi,
19 Julai 2024, hapa hapa dukani

Wifi Koku,

Shikamoo wifi. Nakuandikia haraka mteja akiwa anachagua kitenge. Kwanza niseme mie siyo posta. Juzi kuna mama kaniuliza kama siku hizi nauza na stempu.

Barua yako nimempa jana jioni. Kaisoma kasimama. Akaenda chumbani, nikasikia nailoni inachanwa. Nikachungulia, nikamkuta kalikumbatia lile koti, pua iko ndani ya kola, anavuta kama mtu mwenye mafua. Nikarudi jikoni taratibu. Wifi, mie na mume wangu tuna miaka kumi na moja na sijawahi kumwona hivyo, nilipata uchungu.

Tukakaa kula. Nikadhani yamekwisha. Halafu katikati ya chakula kaweka kijiko chini, kaanza: "Nimemfua baba? Mimi? Mimi niliyefanya nini?" Ikapanda hiyo, ikapanda, mpaka watoto wamejifungia. Leo asubuhi kaamka nayo pale pale alipoiacha. Kesho Jumamosi anakuja kwako. Anasema anakuja kukuambia ana kwa ana, kwamba barua inamwonea, barua haina mahali pa kujibu. Huyo aliyeanza na yah na nakala ndiye anayesema hivyo.

Nikwambie na hili, usimwambie nimekwambia. Ile kauli ya Mjomba Gozbert imemkaa kooni tangu siku ile. Kule kwenye grupu alijitoa kwa sababu Mjomba aliweka picha ya mbwa akaandika "mrithi mtarajiwa", watu wakacheka na zile katuni za kucheka mpaka machozi. Wewe hukucheka, niliangalia. Lakini hukusema kitu. Usiku anageuka geuka, ananiuliza, hivi mie nimefanana na baba kweli? Namjibu umefanana. Ananiuliza wapi. Namwambia masikio. Nilikuwa na usingizi wifi, ningesema nini.

Mpokee vizuri kama unaweza. Kama huwezi, basi mfungie, ila usimjibu jibu. Ukimjibu hamtamaliza.

Wako,
Eliaichi


Kibamba,
21 Julai 2024

Mdogo wangu Adelard,

Nakuandikia Jumapili kabla sijaenda kanisani, kwa sababu jana umeondoka hujui umefanya nini, na najua ulivyoondoka. Uliondoka ukijua dada yako amekusikia, amekuona kwenye tundu la geti, akakuacha juani useme na mabati kama mwendawazimu. Kukusikia nilikusikia. Kukuona nilikuona. Sasa kaa chini nikueleze ya upande wangu wa geti, maana wewe uliona mabati tu.

Ulipopiga geti nilikuwa nakuja kufungua. Nilikuwa nimejiandaa, hata maneno nilikuwa nimeyapanga, na hayakuwa mazuri. Katibu alikuwa pale pale mchangani, asubuhi hata uji alikuwa ameukataa. Nikafika karibu naye. Ndipo ukakohoa kile kikohozi kifupi, ukasema, "Sikilizeni niwaambie."

Sikio moja likasimama.

Ukaendelea. Ukaanza na dobi, ukaja kwenye rangi, ukasema kuna watu wamesomeshwa ualimu lakini adabu waliiacha chuoni. Katibu akainua kichwa. Ukasema wewe si mtoto wa kufundishwa namna ya kumpenda baba yako. Akasimama, Adelard. Miguu ilikuwa inamtetemeka, akasimama, mkia ukaanza kupiga upande huu na upande huu, akatembea mpaka kwenye geti. Na pale hakubweka wala hakukwaruza. Alilala chini, akaweka kidevu juu ya miguu yake ya mbele, pua kwenye upenyo wa chini, uso wa mtu aliye kazini. Uliposema kwamba katika ukoo huu hakuna mtu hata mmoja anayesikiliza, kulikuwa na mmoja anasikiliza karibu na viatu vyako.

Nilikaa chini pale pale kwenye tofali zilizobaki za uzio. Sikuwa nakudharau. Nilikuwa namsikia baba. Siyo kwamba sauti inafanana fanana, ni yenyewe. Unavyovuta pumzi kabla ya kulaumu. Unavyosema jambo, unalirudia, halafu unasema "na sitarudia". Unavyomaliza hoja moja kisha unakohoa ili ufungue nyingine. Mwaka mzima nililisikia lile gombo la lawama, kuhusu uji, kuhusu dirisha, kuhusu serikali, nikawa namwomba Mungu amnyamazishe mzee kidogo. Akanyamaza. Jana nikalisikia tena nje ya geti langu, likinitukana kwa jina langu lote la ubatizo, nikalia mpaka kanga ikalowa. Ningefungua ungenyamaza. Ndiyo maana sikufungua.

Na mimi nimejiona mjinga. Mbwa amekulia kwenye kesi, usingizi wake wote ameupata watu wakifokeana juu ya kichwa chake, mimi namleta kwenye nyumba ninayoizima redio na kuwaziba watoto midomo. Lazima alidhani hapa bado pana msiba.

Ulipowasha gari alisikiliza mpaka likapotea. Halafu akaenda kwenye sufuria akala. Ugali wote, vichwa vyote, akalisukuma sufuria mpaka ukutani akililamba. Jioni akala tena kidogo. Daktari nimemwambia asije.

Mzee Khalfani alikuja baadaye kuuliza kama kuna usalama, kwamba kasikia mwanaume anatisha getini. Nikamwambia usalama upo, huyo ni mrithi wa baba. Nilisema hivyo bila kufikiri, na sijawahi kulisema kabla. Nilipolisema nikaona ni kweli na halihusiani na koti.

Bado nina hasira kuhusu dobi. Hilo lisikupite. Na bado sijasahau kwamba hukuniamkia. Lakini leo asubuhi Katibu ameamka, amekunywa maji, amekwenda mwenyewe getini, amelala na pua kwenye upenyo. Anasubiri kikao.

Dada yako,
Kokuberwa


Kinyerezi,
24 Julai 2024

Dada Koku,

Shikamoo. Na ile ya tarehe 17, shikamoo pia.

Nina malalamiko, na nitayasema. Nilisimama juani getini kwako mpaka shingo ikaungua. Jirani yako mwingine, si huyo Mzee Khalfani, alinipa stuli, nikaikataa, sasa najuta. Mtu alipita na baiskeli ya mayai akanishauri niende ustawi wa jamii. Muda wote huo wewe umekaa juu ya tofali unanisikiliza kama redio. Huo si uungwana, na sitarudia.

Nimeandika hiyo "na sitarudia" kabla ya kuona nimeiandika. Nimeiacha.

Barua yako nilisomea ndani ya gari, nje ya duka la Eliaichi. Nilimuuliza kama ni kweli kwamba nikikasirika natoa sauti ya mzee. Akashangaa kwamba sijui. Akasema watoto wameipa jina hiyo sauti, wakinisikia nimeanza wanaambiana babu amekuja. Miaka yote hii, dada. Mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo natafuta pua. Usiku wa arobaini nilivaa lile koti peke yangu bafuni, mikono inanifikia vidoleni, nikajiona kama mtoto aliyevaa nguo za mtu, nikasema Mjomba Gozbert ana haki.

Tangu tumzike baba sikuwa nimelia. Makaburini sikulia, watu walinisifu kwamba nimejikaza, kumbe hakikuwepo cha kujikaza, kilio kilikuwa kimegoma kutoka. Kilitoka juzi kwenye foleni ya Kimara, magari nyuma yangu yanapiga honi, askari kaja dirishani kaniuliza nina tatizo gani, nikamwambia mbwa wa baba yangu amekula. Akaniruhusu nipite.

Kuhusu koti, ulichosema kinaniuma. Nilitaka liwe safi. Basi. Nimelitoa kwenye nailoni.

Simu nimekufungulia, ila usinipigie, tutagombana vibaya. Endelea kuandika. Mafundi wa Tabata nimewaambia kibaraza wasikiguse.

Jumamosi nakuja. Safari hii ufungue, nataka nimwone akisikiliza. Usipike ndizi, usisafishe nyumba, usiwanyamazishe watoto. Na kama kuna jambo lolote umelikosea wiki hii, dada, naomba usilirekebishe. Niachie hivyo hivyo nilikute.

Mdogo wako,
Adelard